Arudi Kwao

Yako maneno mawili mafupi ambayo katika nchi ya chai husemwa kwa wepesi, kama mtu asemavyo kwaheri. Mchumaji amezeeka, mgongo wake haubebi tena kikapu, arudi kwao. Mashine imeletwa shambani, na kazi ya watu wengi sasa yafanywa na wachache. Waliobaki bila kazi warudi kwao. Mfanyakazi amefariki, mkewe hakuandikwa kazi, na chumba chatakiwa. Arudi kwao na wanawe. Asemaye hivyo hadhani kuwa ametenda ubaya. Hakumtukana mtu wala hakumpiga. Amemtakia safari njema tu. Walakini nataka ufikiri pamoja nami, ewe kijana usomaye haya, kama maneno hayo ni ya kweli. Maana yakiwa si ya kweli, basi kwa muda wa miaka kama mia yamekuwa kifuniko cha chungu ambacho serikali zetu za mahali hazitaki kuchungulia ndani yake.

Ukipita kwa gari kutoka Kericho kwenda Litein, ukaendelea hadi Mogogosiek katika nchi ya Bomet, utaona vilima vilivyofunikwa na michai iliyokatwa sawasawa kama zulia. Hutaona watu waliolala barazani. Mji wa Kericho uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ya alasiri mara nyingi huja na mawe, na usiku wake ni baridi ya kutetemesha. Mtu asiye na nyumba katika hali hiyo hakai nje akaonekana. Hujificha. Huingia kwa nduguye katika chumba kimoja cha kupanga huko Nyagacho, wakawa saba mahali pa watatu. Hulala jikoni kwa rafiki. Huomba kibanda kwa mkulima mdogo wa chai, akachuma kwa ujira wa siku, na msimu ukiisha huomba kwingine. Msafiri apitaye husema, "Nchi hii haina watu wasio na makao." Na ofisa aliyeketi ofisini, ambaye hana hata karatasi moja yenye hesabu yao, humwitikia.

Sasa tazama nyumba ambayo mchumaji hutolewa. Sitasema kwamba nyumba za mashamba makubwa ni mbaya zote, kwa kuwa si kweli. Nyingi zina kuta imara. Nyingine zina maji ya mfereji, na karibu nazo pana zahanati na shule. Katika vijiji vingi vya nchi hii mtu angefurahi kuzipata. Ubaya wake haumo katika kuta, umo katika sharti. Siku kazi ikomapo, ndiyo siku nyumba ikomapo. Mwalimu wa mjini akiachishwa kazi hupoteza mshahara wake. Mchumaji hupoteza mshahara, na paa, na maji, na bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na shule ya watoto, na majirani wa miaka ishirini, vyote kwa barua moja. Huenda wewe mwenyewe umekwisha kuyaona matokeo yake pasipo kuyajua. Katikati ya muhula dawati la mwenzako limekuwa tupu. Mwalimu ameita jina mara mbili, kisha akatia alama. Juma lililofuata hakuliita tena.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yafaayo karibu na kazi, au ampe fedha za kutosha kodi juu ya mshahara wake. Ni sheria njema. Lakini yamwangalia mtu maadamu yu kazini. Akitoka kazini, sheria hiyo humwacha mlangoni, na hapo ndipo watu hutumia yale maneno mawili kuziba pengo.

Nakiri kwamba mimi pia niliwahi kuyasema. Nilimwambia mzee mmoja, mtu aliyekuja kutoka upande wa Nyamira akiwa kijana na kuchuma chai zaidi ya miaka thelathini. Nilimwambia kwa heshima, nikidhani namfariji: "Sasa mzee utapumzika kwenu." Alinitazama kwa muda. Akasema, "Kwetu kumebaki kaburi la baba yangu, na wenyewe wamelizungushia migomba mpaka kijia hakuna." Hakukasirika. Baba yake alikuwa na ekari mbili, na wana wa kiume sita; yeye aliyekuwa mbali ndiye aliyesahauliwa wakati wa kugawa. Katika nchi ya Wagusii, ambako watu wamesongamana kuliko karibu sehemu zote za mashambani katika Kenya, habari kama hiyo si ngeni. Nasi husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, akalima miaka thelathini, na siku ya mwisho akaambiwa kuwa alikuwa mgeni tangu zamani.

Maneno "arudi kwao" hayakuzaliwa na jirani yako. Yana asili, na yafaa uijue. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliitia ardhi ya Waafrika chini ya Taji la Uingereza, na sehemu bora ya nchi ya Wakipsigis ikakatwa na kupewa wageni. Mwaka 1919 serikali ilianzisha karibu na Kericho makazi ya maofisa Waingereza waliolemazwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wapate kulima kitani. Bei ya kitani ikaanguka, makazi yakavunjika, na baada ya miaka michache ardhi ile ikawa ya chai. Katika miaka hiyo ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilitia mizizi yake hapa. Ona ajabu hii: mpango wa serikali wa kuwapa makao watu waliohitaji makao si jambo geni katika Kericho. Ulikwisha kufanywa miaka zaidi ya mia iliyopita, kwa ekari maelfu, tena kwa watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyewaambia warudi kwao.

Kwa Mwafrika mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya 1918 ilimtaka akaaye katika shamba la mlowezi afanye kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka, ndipo apate haki ya kukaa. Sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za wilaya za walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo, kupunguza mifugo ya wakazi, na kupunguza wakazi wenyewe. Halmashauri hizo zilikuwa serikali za mahali. Kwa hiyo usishangae ukiona kwamba serikali za mahali katika nchi yetu zilijifunza mapema kuwaondoa watu kuliko kuwapa makao. Huo ndio uliokuwa ufundi wao wa kwanza. Na mshahara nao ulipimwa kwa kipimo hicho hicho. Kamati ya mishahara ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba Mwafrika alilipwa kana kwamba ni mwanamume asiye na mke, ambaye watoto wake hulishwa na shamba la kijijini na ambaye uzee wake utatunzwa huko huko. Hesabu hiyo ilimfaa aliyelipa. Uhuru ulikuja mwaka 1963, bendera ikabadilishwa, na hesabu ikabaki vichwani.

Lakini je, mzaliwa wa Kericho mwenyewe, yeye anako kwao? Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Malaiboni, na mamia ya watu wa ukoo wa Talai wakahamishwa hadi Gwassi, upande wa Ziwa Victoria, nchi ya joto, malaria na mbung'o. Waliporudi, karibu na wakati wa uhuru, hawakurudishiwa ardhi. Wengi walijibana katika kijiji kinachoitwa kwa jina lao mjini Kericho, na wajukuu wao wakazaliwa humo. Mwambie mtu wa Talai arudi kwao, naye atakunyoshea kidole: kwao ni pale palipo michai.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Mwaka 2022 walalamikaji wakaishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Serikali ya Kaunti ya Kericho ilisimama nao katika madai hayo, na katika hilo yastahili sifa. Sitaki isemwe kwamba nimeona kosa tu. Ila kudai katika miji ya mbali nyumba iliyopotea mwaka 1934 kusiwe udhuru wa kutoizuia ile itakayopotea mwezi ujao Kericho kwenyewe.

Na yako maneno mengine, ndugu wa hayo. "Arudi kwao" yakisemwa kwa pole ni kwaheri. Yakisemwa kwa hasira huwa "rudini kwenu," na haya tumekwisha kuyasikia. Mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, wafanyakazi wa makabila mengine waliokaa katika mashamba ya chai ya Kericho walishambuliwa usiku, wako waliouawa, na nyumba zao ziliporwa na kuchomwa. Wengi wao hawakuwa na pa kukimbilia ila vituo vya polisi na makambi. Sisemi kwamba ofisa asemaye "arudi kwao" ni sawa na mtu mwenye kiberiti. Nasema kwamba wote wawili wanatumia ramani moja, ambayo ndani yake kila Mkenya amepewa mahali pamoja tu pa halali, na mahali hapo ni pale alipozaliwa babu yake.

Tazama sasa jambo linalokuja mbio kuliko mengine. Mashine za kuchumia chai zimeingia. Jopo lililoundwa na Serikali ya Kaunti ya Kericho lilieleza mwaka 2023 kwamba kazi kama 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo kwa muda wa miaka kumi. Mwezi wa Mei mwaka huo huo watu wenye hasira walizichoma mashine kadhaa shambani, na damu ikamwagika. Magazeti yaliandika sana juu ya mashine. Yaliandika juu ya kazi pia. Nilitafuta neno juu ya nyumba, nikapata kidogo. Lakini fikiri: kama kila kazi iliyopotea ilikuwa na chumba, na katika chumba wamo mke au mume na watoto, basi waliotakiwa kwenda kutafuta paa jingine si 30,000 tu. Hata tukisema kwamba nusu yao walikuwa vibarua wasiopewa nyumba, hesabu yabaki kuwa ya mji mzima. Mji mzima ulifungasha vitu vyake polepole, nyumba baada ya nyumba, na hakuna ofisi ya serikali iliyoandika ulikokwenda.

Wajibu huo ni wa nani? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Haikusema kila mtu mwenye kazi. Nayo Jedwali la Nne lagawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti, na katika sehemu ya kaunti, fungu la 8, yatajwa mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na takwimu, upimaji wa ardhi, mipaka, makao na umeme. Nakuomba usome fungu hilo kwa macho yako mwenyewe, maana watu wazima wengi hawajalisoma. Takwimu na makao vimetajwa pamoja, mahali pamoja. Serikali ya kaunti haiwezi kusema kwamba haijui wangapi hawana nyumba. Kujua ni kazi yake kama vile kujenga kulivyo kazi yake.

Wako watakaokwambia kwamba jambo hili haliwezekani, kwamba nyumba ya mwajiri ni mali ya mwajiri duniani kote, na serikali ya mahali haina la kusema. Hapo wamekosea, na wa kuwakosoa ni Waingereza wenyewe, ambao wananchi wao ndio walioleta huku desturi hii. Huko kwao vibarua wa mashamba walikaa katika nyumba za wakulima kwa sharti lile lile: kazi ikiisha, toka. Walipiga kelele miaka mingi. Mwaka 1976 Bunge lao lilitunga sheria kwamba mfanyakazi aliyefanya kazi ya shamba kwa muda wa kama miaka miwili asitolewe nyumbani kwa sababu tu kazi imekoma. Mkulima akiitaka nyumba kwa mfanyakazi mpya, sheria ilimtaka aende kwa halmashauri ya mahali, nayo ifanye kila iwezalo kumtafutia yule wa kwanza makao mengine. Halmashauri, si mkulima, wala si nduguze kibarua huko kijijini. Na mwaka 2017 wakaongeza sheria nyingine: mtu akionekana kwamba atakosa makao katika siku 56 zijazo, halmashauri ianze kumsaidia kabla hajatoka. Basi kampuni za Uingereza ziliendelea kufuata katika vilima vyetu desturi ambayo Uingereza yenyewe ilikwisha kuiona kuwa ni aibu. Nani alizikataza? Hakuna, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tukisema "arudi kwao."

Siku hizi wenye mashamba wanabadilika. Mwaka 2023 James Finlay ilikubali kuuza mashamba yake ya Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ikaafikiana kununua yale yaliyokuwa ya Unilever. Huko Sri Lanka nako wachumaji wa chai wamekaa vizazi vingi katika vyumba vya safu, vilivyojengwa tangu zama za ukoloni, bila hati wala ardhi. Baada ya madai ya miaka mingi, serikali yao ilianza kuwapa familia za wachumaji viwanja vya kama mita za mraba 177 kila kimoja, na nyumba juu yake. Kazi hiyo imekwenda polepole mno, na wengi wangali katika safu. Lakini kanuni imekubaliwa: mchumaji awe na kipande chake, kiwe kidogo namna gani.

"Ardhi hakuna," hilo ndilo jibu la pili nitakalopewa. Fanya hesabu nami, kwa kuwa hesabu si kazi ya maofisa peke yao. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,047. Chukua ekari 50. Toa nusu yake kwa barabara, mifereji, shule na uwanja wa watoto. Nusu iliyobaki, ukiigawa kwa kipimo cha Sri Lanka, yatoa viwanja zaidi ya 500. Ekari 50! Msafiri wa Litein hupita ekari 50 za chai kabla hajamaliza kumenya chungwa. Tena ikumbukwe kwamba Katiba ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, wageni waliokuwa na ardhi kwa mikataba ya miaka 999 walipunguziwa ikawa miaka 99. Miaka 99 si haba. Itafika mwaka 2109. Mkataba wa ardhi ukifika wakati wa kuongezwa, sheria yataka serikali ya kaunti iulizwe. Je, ikiulizwa, itasema nini? Yaweza kusema: tupeni kwanza mahali pa wale waliowachumia. Siombi kwamba shamba livunjwe. Nauliza tu kwa nini mwenye shamba ahakikishiwe karne moja, na mchumaji asihakikishiwe hata msimu mmoja wa mvua.

"Fedha hakuna," hilo ni jibu la tatu, na ndilo linaloniudhi. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Mchumaji wa shilingi 15,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 225. Pamoja na sehemu ya mwajiri, kwa mwaka ni shilingi 5,400. Kwa miaka ishirini ni 108,000. Hizo si fedha za kununulia jumba, lakini ni zaidi ya nauli ya kurudi kwao. Sheria hiyo yataja nyumba za jamii kwa watu wenye mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi, na yataka kila kaunti iwe na kamati ya nyumba za bei nafuu za mashambani na mijini. Neno "mashambani" halikuandikwa kwa bahati mbaya. Ikiwa fedha za wachumaji zitajenga maghorofa ya karani na mfanyabiashara mjini, wakati mchumaji aliyelipa analala jikoni kwa rafiki, basi tumebuni njia mpya ya kuwatoza maskini wawape makao wenye nafuu.

Wala si lazima serikali ijenge kila ukuta. Mwaka 1975 Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza Dandora mradi wa viwanja kama 6,000: mtu alipewa kiwanja chenye maji na choo, akajijengea kwa kadiri ya mfuko wake. Mradi ule ulikuwa na kasoro, na viwanja vingi viliishia mikononi mwa watu ambao hawakukusudiwa. Kasoro hiyo yaweza kuzuiwa kwa hati isiyouzika kwa muda wa miaka kadhaa. Lakini maelfu ya watu walipata pa kuita kwao, na mjukuu wa mtu wa Dandora akiulizwa anatoka wapi husema Dandora, wala haoni haya.

Nieleze basi ninachokidai kwa Kericho na Bomet. Nadai orodha: kila shamba kubwa liitangazie kaunti kila mwaka ni watu wangapi wanakaa katika nyumba zake, na wangapi watastaafu au kuachishwa katika mwaka ujao. Nadai ilani: pasifungwe kijiji cha wafanyakazi mpaka kaunti imekwisha kuonyesha waliomo wanakwenda wapi. Tangu mwaka 2016 sheria ya ardhi yataka ilani ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa wale wakaao mahali bila idhini, na ilani ni jambo jema, lakini ilani si nyumba. Mvua ya Kericho haisomi barua. Nadai viwanja, karibu na Kericho, Litein, Sotik na Mogogosiek, ambavyo mfanyakazi aanze kuvilipia kidogo kidogo akiwa kijana mwenye nguvu, ili siku ya kustaafu ahamie na si ahamishwe. Na nadai kwamba viwanja hivyo vitolewe kwa miaka ya kazi, si kwa jina la ukoo. Mtu wa Talai apate, Mkipsigis asiye na shamba apate, na yule mzee wa Nyamira apate, kwa kuwa wote watatu wamenyeshewa na mvua moja.

Najua hofu iliyo nyuma ya dai hilo la mwisho. Watu watasema, "Tukiwapa wageni viwanja watatumeza." Nami nauliza: wapo au hawapo? Wamo tayari, katika vyumba vya Nyagacho, saba mahali pa watatu. Hawatazidi kwa sababu wamepewa choo. Mahakama Kuu ilikuwa na kesi kama hii katika nyumba za reli za Muthurwa, Nairobi, ambako wastaafu wa reli na majirani zao walikatiwa maji na kubomolewa nyumba. Mwaka 2013 Mahakama iliamua kwamba haki zao zimevunjwa. Haikuwauliza walitoka wilaya gani.

Ewe msomaji, huna kura bado, lakini una masikio na una kalamu. Kila kaunti huandika mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano, na kila mwaka huita wananchi kusikiliza habari za bajeti. Sheria yaitaka ifanye hivyo, na mkutano huo hauna kiingilio. Nenda pamoja na mzazi wako au mwalimu wako. Omba uonyeshwe ukurasa wa makao. Tafuta humo mstari wowote unaowataja watu wanaotoka katika nyumba za mashamba ya chai. Ukiuona, uliza ni viwanja vingapi, viko wapi, na vitapimwa mwezi gani. Usipouona, simama uulize kwa nini haumo. Na mtu akikujibu kwamba hao wanako kwao, muulize akutajie mahali penyewe.